Mwani Uliooshwa kwa Maji ya Bomba

S.L.P. 114,
Mtaa wa Bandarini.
14 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Nakusalimu kwa upendo. Je, kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto limekuwa na kiburi.

Mama yako angekuandikia mwenyewe, lakini yumo baharini tangu asubuhi. Namshukuru Mungu kwamba bado anayo sehemu yake ya bahari, maana nusura nimpokonye.

Unajua kwamba Mamlaka ya Bahari iliwapa yeye na wenzake kumi na mmoja kitalu cha mwani kwa mwaka mmoja wa majaribio. Mwani wao usipofaulu kipimo cha Taasisi ya Utafiti, kitalu kinarudi serikalini.

Wiki iliyopita niliwatembelea kwenye vichanja vya kuanikia. Niliuona mwani mkavu umeganda chumvi, nikaamuru uoshwe kwa maji ya bomba. Nusu ya akina mama hao niliwafundisha darasa la nne. Hakuna aliyethubutu kunipinga isipokuwa mama yako.

"Kaka, hapa si darasani," alisema. "Mwani mkavu ukiguswa na maji ya bomba umekwisha."

"Usafi haujapata kumuua mtu," nikamjibu. Wakajaza ndoo, wakauosha.

Adhuhuri hiyo hiyo afisa wa Mamlaka alikuja kuchukua sampuli, akachota kwenye huo uliooshwa. Mama yako akaendelea kugeuza mwani vichanjani. Afadhali angenifokea.

Kesho yake nilipanda basi hadi Taasisi, nikiwa na konzi ya mwani ambao haukuoshwa. Mpwa wangu, niliyoyaona huko sijapata kuyaona katika miaka yangu sabini na miwili. Mtaalamu wa maabara, binti mwenye koti jeupe, aliuchemsha mwani wa aina zote mbili, ukaganda vikombeni, ukang'aa kama kioo. Akashusha sindano yenye uzito. Ute wa mwani uliooshwa ulipasuka papo hapo. Wa pili ukastahimili, uzito ukiongezwa, ukiongezwa tena. Kumbe ute huo ndio unaoishikilia dawa ya meno tunayosukutulia kila siku! Ukutani palikuwa na ramani ya bahari yetu, imegawanywa vitalu kama mashamba, na katika kimoja, kwa herufi ndogo mno, jina la kikundi cha mama yako. Nilivua kofia.

"Bila barua ya kukiri kosa siwezi kupokea sampuli ya pili," binti akasema. "Tena uiandike vizuri, Mwalimu. Zangu ulikuwa ukinirudishia."

Sikuwa nimemtambua. Barua yangu aliirudisha mara mbili: kwanza haikuwa na tarehe ya kuosha, kisha haikuwa na namba ya kitalu. Nilistahili.

Majibu yalitoka jana. Kitalu ni chao kwa miaka mitano. Mama yako aliketi mchangani, akacheka huku machozi yakimtiririka, kisha akanigeukia.

"Kaka, karibu wakati wowote. Ila ndoo usiguse."

Nimemwahidi.

Msalimie mkeo na wale pacha. Mola awalinde ugenini na awarejeshe kwetu mkiwa na siha.

Akupendaye siku zote,
Mjomba wako.