Waziri Anataka Nimwandikie "Hatuna Taarifa"

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hata chakula hakipiti. Mimi ni katibu muhtasi wa waziri, na Alhamisi bosi wangu anakutana na watu wa haki za binadamu, nami ndiye niliyepewa kazi ya kumwandaa, basi tangu Jumatatu tunafunga mlango wa ofisi, mimi najifanya mwanaharakati namhoji, yeye kila swali, hata la vyoo vya mahabusu kufurika, anajibu "linashughulikiwa", mpaka dereva wake aliyekuwa anasubiri saini akacheka, akatolewa nje. Jana nikamuuliza kuhusu wale vijana tisa wauza magazeti waliokamatwa, miezi minne sasa hawajaiona mahakama. Akaniambia niandike kwamba wizara haina taarifa, wakati barua za mama zao nilizipokea mimi, nikazigonga mhuri mimi, nikamwekea mezani mimi. Nikamkumbusha. Akavua miwani, akasema taratibu, "Dada, wewe uko upande gani?" Nikaomba radhi, nikaiandika ile sentensi kwa mkono wangu huu, kisha nikaenda nyumbani kumgombeza mume wangu kwa kuacha taulo kitandani. Nikinyamaza nafsi inanisuta, nikisema namwaga unga. Nifanyeje?

Katibu Njia Panda

Bibie, kwanza kamwombe mumeo radhi. Taulo halijamfunga mtu.

Pole, lakini sikubembelezi. Umeambiwa umwandae bosi, wewe unamchimbia shimo. Unadhani wageni watakuja mikono mitupu? Wale kina mama walibaki na nakala, na juu yake kuna mhuri wa ofisi yako. Waziri akisema hana taarifa, watazitandaza mezani mbele yake, na wa kutolewa kafara utakuwa wewe.

Kesho asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, ingia na zile barua. Mwambie kwa heshima zote kwamba kumficha ukweli leo ni kumwaibisha Alhamisi. Kisha mpe kazi, si maneno: ampigie mkuu wa polisi, vijana wafikishwe mahakamani au waachiwe kabla ya mkutano. Akishafanya hivyo, atakuwa na la kujibu bila kukariri.

Akikataa, usibishane. Msogezee karatasi na kalamu, aiandike ile sentensi mwenyewe na kuweka saini. Utashangaa kumbukumbu zitakavyomrudia.