Lazaro Asiye na Uso

Jumatatu, 4 Agosti
Mayai tena. Nadine kamaliza trei nzima. Rangi zake anazichanganya na kiini, ute ananiachia mimi nikaange. Nimeuchoka ute. Lakini nani mwingine hapa ugenini Blacktown ana binti anayesomea kukarabati picha za kale? Nimewaalika wanawake wote wa kwaya kwenye maonyesho ya chuo. Mama Yusta, tuliyekuwa naye kambi ya wakimbizi, akasema, "Dada, wewe na sifa! Mtoto akipiga chafya unatutangazia." Wivu huo.

Picha yenyewe ni Lazaro anafufuliwa. Ya Italia, ya zamani mno, imechorwa kwenye ubao. Nadine anaiiga yote, hata dhahabu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimempelekea chai gereji. Nikashtuka. Nyuso zote kijani! Nadine akacheka, "Relax, Mum." Eti mafundi wa zamani walianza hivyo, rangi ya ngozi inakuja juu yake. Haya.
Lazaro kasimama mlangoni mwa kaburi, kafungwa sanda. Watu wawili wameziba pua. Yeye hana uso. Hata kwenye picha ya asili hana, watu wa kale waliubusu mpaka ukafutika. Nadine atamjazia kutoka kichwani mwake. Mwanangu ana kichwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Kidevu kimetokea. Na mdomo. Nimeenda kutazama mara tatu kabla ya shifti. Kazini nimemvisha mzee ninayemtunza soksi mbili mguu mmoja.
Huyu mtu namjua.

Jumapili, 10 Agosti
Ni Elia. Mdogo wangu.
Nyusi ya kushoto imekatika pale pale bati lilipomkata. Nimemwuliza Nadine kaitoa wapi. Brashi iliteleza, anasema, akaipenda.
Nadine hakumwona Elia. Alizaliwa Elia ameshakufa. Jina lake sijawahi kulitaja nyumbani kwangu. Picha yake haipo popote duniani.
Aliniomba nimpeleke zahanati ya kambi. Ilikuwa siku ya kugawiwa posho ya chakula. Nikamwambia kesho. Foleni ikanilaza huko huko. Narudi na unga, wameshamzika. Kipindupindu, hawakungoja mtu. Sikumwona.
Sasa ananitazama. Chini ya macho bado kijani.

Jumatatu, 11 Agosti
Maonyesho Alhamisi. Mama Yusta ndiye aliyekaa na Elia siku ile. Atamtambua tu. Na wenzake wote watajua nilimwacha. Nani kamwalika? Mimi, na mdomo wangu huu.
Nadine alipokwenda chuo nikachukua sponji, nikailowesha. Nimfute. Nikasogea. Nilipogutuka, mkono wangu mmoja ulikuwa umeniziba pua. Na harufu ilikuwepo. Naapa ilikuwepo.
Sponji nimeitupa. Nimeenda kuoga mchana kweupe.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemwambia Nadine. Yote, hata ile kesho yangu. Nimelia vibaya, kamasi na kila kitu. Kanishika mkono. "I can change him, Mum. Sema tu."
"Thubutu! Mjomba wako huyo."
Kisha nikampigia Mama Yusta kabla hajajionea mwenyewe.
"Alikuwa anakuita, dada. Nikamwambia unakuja."
Usiku huu silali chali wala kifudifudi. Nimekaa tu.

Jumatano, 13 Agosti
Treni ya saa tatu asubuhi, kumpeleka Elia chuoni Kensington. Nadine alitaka kuuweka ubao chini, katikati ya miguu. Nimekataa. Nimempakata mwenyewe, kafunikwa blanketi, kichwa upande wa dirisha. Mzito kuliko nilivyofikiri.
Kufika stesheni ya Auburn jua likaingia. Nikamfunua uso.