Fundi, Mbona Ulikata Masikio ya RAM?

Fundi Ekai,

Ejok? Hujambo huko uliko? Najua hujibu. Hata ulipokuwa hai ulikuwa hujibu, unaguna tu na kuendelea kufungua skrubu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana huna pa kukimbilia.

Nimekukasirikia. Nilidhani nikikuandikia nitaanza kwa kulia, lakini hasira imetangulia.

Tangu tukuzike, miezi mitano sasa, watu wa Lodwar wanapita mbele ya duka wakichungulia. "Kumbe bado mnafungua?" Mnafungua akina nani, na niko peke yangu? Wananiletea chaja na kibodi zilizomwagikiwa chai. Kompyuta zenyewe wanapeleka kwingine. Wanasema duka limekufa na fundi wake. Kwa hiyo Mama Nyandeng, yule wa kwaya ya Wasudan Kusini kule Kakuma, alipokuja kutaka kompyuta mpya ya mezani, iundwe kuanzia mwanzo, ya kurekodi nyimbo na kukata video, nilikubali hata kabla hajamaliza. Akaniambia wazi: "Ikikataa, binti yangu, kalas, basi. Tutaagiza Nairobi, na Kakuma yote itaagiza Nairobi."

Kasha lilikuwepo, prosesa ilikuwepo, na ile bodi uliyoiacha mpya kwenye boksi lake. Ilibaki RAM. RAM tu! Kijiti kisichozidi kiganja, kikataka kunitoa roho.

Kwanza Mama Nyandeng alitaka giga sitini na nne, eti mpwa wake aliye Australia ndiye kasema. Nikamweleza ulivyonieleza mimi: RAM ni meza ya kufanyia kazi, si stoo, na meza iliyozidi kazi ni mbao za bure. Kwa kwaya, thelathini na mbili zinatosha, na ziwe mbili za kumi na sita, si moja kubwa, ili zisaidiane kubeba. Akakubali. Nikajiona fundi kamili.

Halafu nikaagiza DDR5, RAM za kizazi kipya. Haya, cheka. Kipya kinyemi. Bodi yako inakubali DDR4 peke yake, imeandikwa pale pale kwenye boksi, na mimi sikusoma. Zilipofika kwa basi, pengo lao halikukaa sawa na kijino cha kwenye bodi. Nikampigia muuzaji. "Madam, si usukume kidogo? Itaingia tu." Nisukume! Angekuwa karibu ningemsukuma yeye. Kuhusu DDR4 za saizi hiyo, akasema zimeadimika, ningoje wiki tatu. Kwaya ilikuwa inaanza kurekodi Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Ndipo nikafungua kopo lako.

Fundi! Ni mtu gani anajaza RAM kwenye kopo la maziwa ya unga, na zote amezikata stika kwa mkasi? Hii imekatwa pembe ya kushoto, hii ya kulia, kama masikio ya mbuzi. Hata mimi niliyezaliwa kwenye lami, kama ulivyopenda kunitania, nilijua hizo ni alama za mifugo. Lakini kwenye pembe hizo ndiko kulikoandikwa saizi na kasi! Umekata namba ili uweke alama! Nasikia ukijibu, "Mchungaji hamsomi mbuzi, anamjua." Sawa. Mimi siwajui mbuzi wako.

Nikasema, basi zenye alama moja ni mapacha. Nikapachika mbili zilizokatwa kushoto. Mashine ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Nikajaribu mbili za kulia: pii, pii, pii, skrini nyeusi tii. Nikakaa kwenye kiti chako nikalia, si kwa uchungu wako, kwa hasira. Haya, na kwa uchungu wako pia.

Jumamosi asubuhi nikaenda Nawoitorong kwa mkeo, Mama Ewoi, kopo kwapani. Alipoziona akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe ndiyo maana mkasi wangu ulikuwa unanata gundi!" Kisha akanieleza polepole, kama anayemweleza mgeni. Alama ya sikio haisemi nani ni pacha wa nani. Inasema mwenye mali ni nani. Za kushoto ni za shule moja ya Katilu, za kulia ni za mfanyabiashara wa Lokiriama. Zote mbovu. Ulikuwa unawatunzia watu mali yao iliyokufa, ili asitokee wa kusema ulimbadilishia.

"Na hizi?" nikauliza. Zilikuwa mbili chini kabisa, zimefungwa kwenye kitambaa, zimekatwa pembe zote mbili na kung'atwa katikati. Nilikuwa nimeziweka kando nikidhani hizo ndizo za kutupa.

Mama Ewoi akaacha kucheka. "Hizo ni zako, Akiru. Alizikata kitandani, wiki ile ya mwisho. Alisema hakuna mtu anayeanza boma mikono mitupu."

Zangu? Na yeye amejua miezi mitano akanyamaza? "Alisema usiambiwe mpaka uulize."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ulinichosha na methali hiyo kila siku ya Mungu, nami kwa kiburi changu sikuuliza. Lakini kweli, Fundi? Nilikuletea uji kila jioni. Mdomo ulikuwa nao. "Akiru, angalia chini ya kopo." Hayo tu!

Nilizipachika nafasi ya pili na ya nne, kama ulivyonifundisha. Skrini ikawaka na kuzisoma: kumi na sita, kumi na sita, DDR4, kasi moja. Ulizinunua pamoja na ile bodi, sivyo? Niliiacha mashine ikifanya kazi tangu saa sita mpaka jua likatua, na joto lote hili, haikukohoa. Halafu nikataka kuzichomoa. Nilishaweka vidole. Ni zangu, ni wewe uliyenipa, kwa nini ziende Kakuma? Lakini nilikusikia ukiguna, nikafunga kasha.

Jumatatu kwaya ilirekodi. Nilikuwepo. Sauti zote ziliingia, hata ya yule mzee anayechelewa kila ubeti. Mama Nyandeng amenipa majina ya wengine wawili wanaotaka mashine, na hawakuuliza kama duka bado lipo.

Zile DDR5 sikuzirudisha. Nitaziundia mashine inayozifaa. Nimezitia kwenye kopo lako na kuzikata stika, pembe zote mbili na pengo katikati, alama yangu. Lakini saizi na kasi nimeandika upya kwa wino, herufi kubwa. Hutaki, shauri yako.

Asante, Fundi. Bado nimekasirika. Pumzika, na nakuahidi hivi: siku nikimkatia mtu alama yake, nitamwita nimwonyeshe nikiwa bado hai, nimwone akifurahi. Wewe ulijinyima hilo.

Wako,
Akiru