Kumuomba Mke Mwenzangu

Jumapili, 5 Januari

Nimeloweka kunde, nimefagia, nimetandika. Bure. Zamu yangu imeanza jana na Nassor hajaletwa. Tangu atoke hospitali yuko Ruwi, humu humu Mas'kati, kwa yule mke mwenzangu. Kiharusi kimemshika upande wa kulia. Mwanangu Said ndiye aliyekubali apelekwe kule, kwa sababu kule kuna lifti na hapa Darsait pana ngazi. "Kwa muda tu, mama." Muda gani? Miaka yote hii nnagawana naye siku. Siku zangu ni zangu.

Nimepiga simu ya Nassor. Kapokea Shabana. Kiarabu hajui ila salamu, Kiswahili ndiyo kabisa. Kwao Pakistani, na Kiurdu changu ni cha dukani. Nimemwambia amlete, vile ninavyojua. Kakata.

Jumatatu, 6 Januari

Nimekwenda mwenyewe. Nimegonga, nikasikia pumzi zake nyuma ya mlango. "Darwaza kholo!" Fungua mlango. Nikarudia kwa sauti. Jirani katoa kichwa akanitazama kama mwizi. Hakufungua.

Mume wangu yumo ndani, mimi nimesimama nje na mkoba kwapani. Nimerudi kwa teksi. Nnamchukia yule mwanamke. Naandika wazi, hakuna atakayesoma.

Jumatano, 8 Januari

Kaja Raya, binti wa kaka yangu. Kasomea udaktari wa meno Karachi, Kiurdu kinamtoka kama maji. Nimemweleza. Kataka nirudie nilivyosema pale mlangoni. Nikarudia. Kacheka, kisha kaacha kucheka.

"Shangazi, hivyo anaambiwa mtumishi. Au mtoto."

Nimeudhika. Mimi ndivyo nilivyosikia toka usichana wangu. Dukani, kwa fundi cherehani, kwa wapaka rangi. Lete. Njoo. Fungua. Haraka. Mas'kati nzima inasema hivyo. Hakuna aliyenifundisha kuomba kwa lugha ile, maana hatukuwa tukiwaomba vibarua wa Kipakistani. Tulikuwa tukiwaamrisha.

Raya kasema kuna *kholo* na kuna *kholiye*. Kuna *do*, nipe, na kuna *dijiye*, nipe tafadhali, ya mtu unayemstahi. Kuna *tum*, wewe wa kawaida, na kuna *aap*, wewe wa heshima. Mke wa mume wangu ni wa kuambiwa *aap*.

Sitaki. Kanichukulia nusu ya maisha yangu, halafu nimstahi.

Ijumaa, 10 Januari

Said karudi kutoka Sohar kazini. Nimemtaka akamchukue baba yake. Kashughulika na simu yake. Kasema baba anatunzwa vizuri, nisilete fitina. Fitina! Nimemzaa huyu. Kala wali, kaaga, kaondoka.

Sina wa kunisemea. Nimempigia Raya. Nimemwambia anifundishe.

Jumapili, 12 Januari

Darsa. *Aap unhen ghar aane den to bari meherbani hogi.* Ukimruhusu aje nyumbani, itakuwa hisani kubwa. Nimelirudia mpaka taya zikauma. Ruhusa! Hisani! Nyumba kajenga Nassor mwenyewe, nami nilimshikia taa fundi alipokuwa akitia umeme.

Raya anataka nianze na *baji*, dada. Yule mdogo kwangu sana. Nimegoma. Raya kasema, haya, gonga bila ya *baji* uone.

Kwa Kiswahili najua kuomba mpaka mtu akaona haya kuninyima. Kwa Kiurdu ni kama nimetiwa kokoto mdomoni. Kila neno la adabu linanipita kooni kwa tabu. Hata hivyo jioni nikiosha vyombo nimejisikia nasema peke yangu. *Dijiye. Kholiye. Den.* Nimeufunga mfereji kwa hasira.

Alkhamisi, 16 Januari

Nimekwenda.

Nimegonga taratibu. "Baji, zara darwaza kholiye." Kisha kitasa kikazunguka.

Mwembamba kuliko nilivyomdhania. Kavaa sweta la kiume, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikasema sentensi yangu yote, bila ya kukosea. Kanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ndiyo wala siyo. Kaniita *apa*, dada mkubwa, akanionesha chumba. Polepole, nipate kufahamu: "Unse puchhiye." Muulize yeye.

Nassor kalala kitanda cha kuinuka kichwa. Ndevu zimechongwa vizuri. Shuka nyeupe, hakuna harufu. Nikamwambia nimekuja kumchukua, twende kwetu, Said atatafuta watu wa kumpandisha ngazi. Mdomo wake umepinda, maneno yanatoka mojamoja. Lakini yametoka, tena kwa Kiswahili.

"Zuwena. Niache. Nipo hapa."

Nikasema hapa ni kwa muda tu. Katikisa kichwa.

"Mie. Nlimwambia. Asikufungulie."

Shabana kasimama mlangoni, kainamisha uso. Kiswahili hajui, lakini alijua lililosemwa. Na alijua kabla yangu. Leo kamkhalifu, kafungua.

Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Ijumaa, 17 Januari

Nimelia. Nimeacha. Nimelia tena. Said kapiga simu, kauliza kama nimekwenda. Alikuwa akijua kama baba yake hataki kurudi. Wote walikuwa wakijua. Mimi nnajifunza *dijiye*.

Nnamchukia Nassor. Chuki imehama mtu. Ile ya zamani ilikuwa nyepesi zaidi.

Jumanne, 21 Januari

Raya kaja na keki. Kasema matamshi yangu yamekuwa mazuri. Nimemwambia asilitaje tena neno la Kiurdu nyumbani kwangu. Kaomba radhi. Baada ya kuondoka nimeona vibaya, mtoto hana kosa.

Ijumaa, 24 Januari

Said kanipeleka Ruwi baada ya sala. Sikumwambia kwa nini nnakwenda. Sijui.

Shabana kafungua mara moja. Alikuwa akibadilisha shuka, peke yake, na Nassor ni mzito. "Apa, zara pakariye." Tafadhali mshike kidogo.

Nikamshika mabega. Yamekonda. Kafumba macho, hakunitazama, nami sikumtaka anitazame. Yule kavuta shuka ya chini, katia safi, kakunja pembe, kaja upande wangu, kakunja. Tukamlaza.

Nikanawa mikono, nikashuka chini kumngoja Said.