Prosesa ya Pole Pole

Jumatatu, 3 Machi 1997

Laptop imezima! Katikati ya kumchapia mteja programu ya mazishi, ukurasa wa pili. Jirani wa kuchomelea vyuma aliwasha mashine yake, taa ikapepesa, skrini ikawa nyeusi. Nilipaswa kusikitika. Nilicheka — peke yangu, nimeziba mdomo.

Mume wangu Benard aliinunua mwaka juzi ili niache ofisi ya mjini. Kazi ikufuate nyumbani, alisema. Ikanifuata. Sasa hata kwenda sokoni naomba ruhusa. Lakini alisema pia, mbele ya mchungaji: mashine ikishindwa na kazi, rudi ofisini. Na mume wangu neno la mbele ya watu haligeuzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetumwa kwa fundi Kavoi, Kawangware. Kutoka kwetu Kianda kwa miguu, kwenda na kurudi. Miguu inauma, roho nyeupe! Kavoi anasema prosesa, ule ubongo wa mashine, imeungua. Bahati ni kwamba yetu imechomekwa tu, inabadilishika. Anazo mbili za mtumba: moja ya pole pole, nyingine mbio mara tatu. Amesema nikafikirie.

Benard: chukua ya mbio, hutalalamika tena. Ndiyo. Sitakuwa na la kulalamikia mpaka nizeeke humu ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Kawangware tena. Eti fundi anataka kupima kitu — uongo wangu. Nimepita kwa Eddah, niliyekaa naye dawati moja ofisini. Nafasi ya kupiga chapa ipo, kuanzia tarehe kumi na saba. Ananingoja!

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Kavoi aweke ya pole pole. Ameshangaa. "Madam, hiyo ni ya barua mbili tatu. Ukiipea kazi mob, kazi nyingi, inalala. Hii ingine inaingia poa tu."

Nikamwomba: mume wangu akiuliza, sema ya mbio haiingii. Alifuta mikono kwa kitambaa. Akasema nimpe siku mbili. Njia nzima nimetembea nikitazama chini. Aibu!

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Benard ya mbio haiingii. Hakugomba. Alisema "pole, mama Billy", akaendelea kula. Sikupenda ule upole.

Jumatatu, 10 Machi

Saa kumi na moja jioni. Naandika nyuma ya pazia, karibu na jiko. Benard amekuja na Kavoi! Amemtoa Kawangware na laptop yetu na begi lake la skrubu; anataka kuona kwa macho yake. Mashine imefunguliwa mezani. Prosesa zote mbili ziko juu ya kitambaa changu cha kufuma.

"Sasa fundi, hii ya mbio inakataa wapi?"

Chai imechemka zamani, siwezi kuipeleka mezani.

Kavoi ameigeuzageuza. Ameirudisha mezani.

"Mzee, si hii mashine ni ya madam? Akuje aseme mwenyewe anataka gani."

Benard ananiita. Mara ya pili sasa —