Safu ya Maji

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na nyumba nzima. Hujambo? Na hayo macho je, ukungu umepungua? Mimi mzima, meno yangu yote yapo isipokuwa yale yaliyong'oka. Barua hii akusomee mwanao, ila kwanza afunge mlango.

Bado natunza sungura wa maabara. Bila kujisifu, hapa hakuna amshikaye sungura kama mimi; wenzangu wanaparuzwa, mimi nalambwa. Unajua wanaambukizwa maradhi ya macho kama yako, ili ijulikane kama ile dawa mpya unayoingojea inaponya.

Sasa sikiliza. Daktari mkuu, tunayemwita Miwani, nilimtilia shaka tangu mwanzo. Anacheka mno, na mwenye kucheka mno ana lake jambo. Nikaona safu ya sungura wa dirishani inatiwa dawa, safu ya mlangoni inatiwa maji matupu. Nikasema ahaa, dalili ya mvua ni mawingu, dawa yao inauzwa! Nilipomuuliza, akasema ndio utaratibu, mzee wangu, wale ni wa kulinganisha. Kulinganisha nini, na viumbe wanatoka usaha? Mtu mzima hadanganywi kwa pipi.

Basi nikachukua hatua. Kila asubuhi kabla hawajaja, nikawatia wale wa maji dawa ileile, tone kwa tone, kwa mkono huu usiotetemeka. Wakapona! Nikatembea kifua mbele, nangoja Miwani aumbuke.

Juzi akatuita wote. Hakucheka. Akasema walionyimwa dawa wamepona sawa na waliopewa, kumbe ugonjwa unaisha wenyewe, dawa haina kazi, itatupwa. Mfagiaji akaguna kwamba jasho letu limekwenda na maji. Mimi nikakalia ndoo.

Mdogo wangu, dawa inaponya. Nimeiona ikiponya. Ni mimi kaka yako niliyeifanya ionekane takataka.

Jana nikamwambia Miwani yote. Nilitaka anifokee, anifukuze, nimchukie vizuri. Akasema ahsante mzee, tutaanza upya. Ahsante ya nini? Mpaka sasa naigeuzageuza, siipati kichwa wala mkia.

Kuanza upya ni kuleta sungura wengine, wazima, waambukizwe tena kwa sababu ya huruma yangu. Hawa wa sasa kazi yao imekwisha, na wakimaliza kazi hawaachwi hai. Nawe utazidi kungoja, na najua macho yako hayangoji.

Anataka niwashike mimi hao wapya, kwa kuwa kwangu hawaogopi. Nimekubali. Safu ya maji sitaigusa, hata wakinitazama.

Nisalimie watoto, na shemeji mwambie bado namshinda kwa nguvu. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa barua ndefu, nitaisoma yote.

Ni mimi,
kaka yako mkubwa