Tiki za Dorice

Jumatatu, 20 Aprili 2020

Wiki ya tano watoto wako nyumbani. Leo Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Ubaldo, katuita walimu wote ofisini. Tumekaa mbalimbali kama watu waliogombana. Ukimwona Mkuu anavua miwani, ujue ana wazo. Kavua. Kafungua grupu la WhatsApp, kaliita "Shule Haijafungwa Moyoni". Jamani!

Kila mwalimu wa darasa ahakikishe wanafunzi wake wanaunganishwa na wanakuwa wabunifu. Shule zikikaribia kufunguliwa, taarifa inaenda halmashauri. Mtoto asiyepatikana jina lake liandikwe pembeni, mtendaji wa kata aende kumfuata kwao. Hapo tu ndipo nilipoona maana. Nina miaka tisa hapa. Mtoto asipoandikwa hakuna mtu anayemtafuta.

Mimi nina Kidato cha Pili B, vichwa hamsini na nane. Na afadhali hata hii kazi kuliko ile ya kila Ijumaa saa nne, Mkuu anapokagua daftari la mahudhurio. Tiki zisipojaa, miwani chini. Kwa hiyo sote tunajaza wiki nzima kwa mkupuo, chai mkono mmoja, kalamu mkono mwingine.

Ijumaa, 24 Aprili

Grupu lina watu arobaini na mmoja. Shule nzima! Wazazi wa darasa langu ni saba. Saa mbili asubuhi nimetuma zoezi la tashbihi. Hadi jioni nimepata mikono ya amina kumi na miwili, maelekezo ya kujifukiza kwa mwarobaini, na mzazi mmoja anayeuliza kama kuna mtu ananunua maharage. Mwanafunzi hata wa dawa hakuna. Kwao wengi simu ni kitochi, na hicho kitochi baba anacho machungani.

Mkuu kaandika: "Hongera Mwl. Romana kwa ubunifu."

Jumanne, 5 Mei

Nimejilaza mchana, nikaamshwa na spika ya Didace. Huyu ni muuza dawa ya panya, mtu wa Mishamo, ana baiskeli yenye boksi nyuma na spika mbele. Sauti yake mwenyewe aliyoirekodi inazunguka bila kuchoka: panya, mende, kunguni, viroboto, akila hachelewi. Mwaka wa tatu namlaani kimoyomoyo.

Leo nimekurupuka kitandani. Huyu mtu Jumanne na Ijumaa yuko hapa kwetu Misunkumilo, Jumatatu na Alhamisi yuko Kakese. Anapita mlangoni kwa kila mwanafunzi wangu! Nimemkimbiza na kanga ya kulalia, majirani wakafaidi. Nimemwomba azungushe na somo langu kwenye spika, majibu ayabebe kwenye boksi. Kanisikiliza kwa adabu zote, mwisho akauliza kama somo likae kabla ya panya au baada ya mende. Tumekubaliana katikati.

Jumamosi, 16 Mei

Yamekuwa! Insha thelathini na nne zimefika ndani ya boksi la dawa. Zinanuka vibaya mno, nimepiga chafya mfululizo, na siku hizi ukipiga chafya jirani anafunga dirisha. Lakini zinasomeka. Agape, yule binti msemaji wa darasa, kaandika kwamba corona ni kama mgeni wa mjomba, hakuna aliyemwalika na hakuna wa kumwambia aondoke. Darasani mbona hakuwahi kuandika hivyo?

Didace naye mauzo yamepanda. Akina mama wanatoka kusikiliza tashbihi, wanarudi ndani na pakiti. Ameniomba niongeze na Historia.

Mkuu kaja kupiga picha, yeye kashika usukani. Kwenye grupu kaandika "ubunifu wangu mpya". Mikono ya amina ishirini. Mwizi mkubwa.

Jumatano, 27 Mei

Hamsini na saba wamejibu. Mwalimu Romana mie! Kidato cha Pili A wana tisa, na mwalimu wao kanuna.

Amebaki mmoja, Dorice Malale wa Kakese. Nimejaribu kuikumbuka sura yake. Ni yule mfupi — au ni yule mrefu wa dirishani? Anakaa nyuma, hilo nina hakika. Daftari linasema hajakosa hata siku moja hadi tulipofunga. Mtoto wa mahudhurio hayo anapoteaje? Ni wazazi tu. Wafugaji bwana, wamepata upenyo wakampeleka akachunge.

Nimeandika jina lake pembeni. Mkuu kaniambia nilifute kwanza. Anasema hamsini na nane kwa hamsini na nane inapendeza zaidi.

Ijumaa, 12 Juni

Kazi ya mwisho: ngonjera kuhusu shule yao. Wajirekodi kwa simu ya kaka yake Agape, Didace aizungushe mitaani. Nimewaambia wawe huru, waige wanachotaka, hata walimu. Najua watamwiga nani. Nasubiri kwa hamu.

Jumatatu, 22 Juni

Didace kaniletea memori kadi jioni. Nimesikiliza jikoni. Mkuu wamempata! Kikohozi chake, wazo lake, miwani yake. Nimecheka mpaka ugali umeungua.

Halafu Agape akaanza kuongea kwa sauti yangu. Sauti yangu kabisa, hadi ule mvuto wa chai katikati ya majina.

"Dorice Malale!"

Kimya.

"Haya, nimeshaweka tiki."

Wakaitikia wote: "Mwalimu, Dorice aliondoka Februari. Kiti chake tumekikalia sisi. Ulikuwa unaliangalia daftari. Leo unamtafuta kwa spika."

Sikula. Nimemuuliza Didace kama anamjua huyo mtoto. Anamjua vizuri, tena huwa wanasalimiana. Baba yake alihamisha ng'ombe mapema Februari, binti akaachwa Mishamo kwa mama yake mdogo. Sasa hivi anapukuchua mahindi ya watu. Shule anaiulizia.

"Mimi nilidhani mnajua, mwalimu," akasema.

Nikamwomba hicho kipande cha mwisho akikate. Kasema hajui kukata, anajua kuwasha na kuzima. Na watoto wamemwapisha aipige Ijumaa, Misunkumilo yote.

Nina aibu. Wafugaji wa watu nimewasingizia bure, na mtoto nimempoteza mimi, kwa kalamu yangu, nikinywa chai.

Jumatano, 24 Juni

Nimemwendea Mkuu. Nimemweleza yote. Hakukasirika, na hilo limeniudhi zaidi. Kasema tukimwandika Dorice kuwa ni mtoro tangu Februari, tutaulizwa zile tiki ni za nani, na wa kwanza kujieleza ni mimi. Tusipomwandika, yupo, amesoma, ameunganishwa. Akaniuliza nina mkopo wa benki au sina.

Ninao. Lakini asipoandikwa mtendaji haendi Mishamo, na mtihani wa Kidato cha Pili ni Novemba.

Ijumaa, 26 Juni

Ofisini kwa Mkuu. Naandika hapahapa, wanadhani ni muhtasari wa kikao. Mgeni wa halmashauri amefika, kaoneshwa ndoo za kunawia, sasa anakunywa soda. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Taarifa iko mezani: 58 kati ya 58. Imebaki sahihi yangu tu.

Nimekuja na daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu. Tiki za Dorice za uongo ni ishirini na sita, kuanzia tarehe kumi Februari. Nazigeuza kuwa sifuri, alama ya utoro, moja moja chini ya meza. Mkuu anaeleza alivyoibuni baiskeli.

Panya, mende, kunguni. Ndiye huyo, amekata kona ya kanisani. Mkuu anamwambia mgeni asikilize, ndio ubunifu wenyewe huo. Kafungua na dirisha!

Wanamwiga Mkuu. Mgeni anabana kicheko. Mkuu hajajitambua, anatikisa kichwa kwa raha.

Sasa ni mimi.

Jina limeitwa. Kimya chake kinasikika hadi humu ndani. Mgeni kaweka soda chini, kauliza huyo Dorice ni yupi katika hawa hamsini na nane. Mkuu kanigeukia. Anavua miwani.

Nimegeuza nne. Zimebaki ishirini na mbili.